Uchaguzi wa Chuo miongoni mwa Wahitimu wa Sekondari wa Mwaya, Wilayani Kyela: Ufafanuzi wa Milango Minne ya Uamuzi

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna wahitimu wa sekondari kutoka kata ya Mwaya, katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, wanavyofikia uamuzi wa kujiunga na chuo kimoja badala ya kingine katika mazingira ambamo vyuo vinashindania waombaji. Hoja kuu ni kwamba uamuzi huo haufanywi siku moja wala haufanywi na mtu mmoja. Mwombaji hupita katika milango minne: mlango wa sifa za ufaulu, mlango wa fedha na majira yake, mlango wa malazi, na mlango wa neno linaloaminika. Matangazo ya vyuo hugusa mlango wa mwisho pekee, ilhali mingine mitatu huwa imekwisha kupunguza orodha kabla tangazo halijasikika. Makala yanaonesha pia kwamba mabadiliko ya mfumo wa udahili wa mwaka 2017 yalimpa mwombaji uhuru mpana zaidi, lakini yalimhamishia mzigo wa kutafuta taarifa, mzigo ambao ni mzito zaidi kwa aliye mbali na vyuo.

1.0 Utangulizi

Mwaya ni miongoni mwa kata za wilaya ya Kyela, mkoani Mbeya. Eneo hili liko katika bonde tambarare lililo kati ya milima ya Rungwe, safu za Livingstone na maji ya Ziwa Nyasa. Wakazi wake wengi ni Wanyakyusa, na maisha yao yanategemea mpunga, kakao, ndizi na uvuvi. Wakati wa ukoloni Mwaya ilikuwa bandari ya ziwani, nayo ilipokea watu na mizigo kabla shughuli hizo hazijahamia kwa sehemu kubwa katika bandari ya Itungi.

Kwa upande wa elimu ya juu, kata hii haina chuo kikuu, na kilicho karibu zaidi kwa njia ya barabara ya lami kiko jijini Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kupitia Kyela mjini na Tukuyu. Hata hivyo, mhitimu wa Mwaya hana uhaba wa majina ya vyuo. Jijini Mbeya kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji, Chuo Kikuu Katoliki cha Mbeya, ndaki ya Chuo Kikuu Mzumbe, ndaki ya afya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tawi la Taasisi ya Uhasibu Tanzania na kituo cha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mkoani Iringa kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Mbali zaidi kuna Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Swali linalojitokeza ni hili: ikiwa vyuo ni vingi kiasi hicho, kwa nini mwombaji wa Mwaya mara nyingi hujikuta ana vyuo viwili au vitatu tu vya kuchagua kwa kweli?

2.0 Usuli wa Ushindani wa Vyuo

Kwa muda mrefu ushindani wa aina hii haukuwapo nchini. Chuo cha Dar es Salaam kilianzishwa mwaka 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963, na kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilifuata mwaka 1984. Katika miongo hiyo, chuo ndicho kilichomchagua mwanafunzi. Nafasi zilikuwa chache, serikali ililipa gharama, na aliyechaguliwa alikwenda alikopelekwa.

Hali ilibadilika katika miaka ya 1990, serikali iliporuhusu taasisi binafsi, hususani za kidini, kuanzisha vyuo vikuu. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 iliunda Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ilianza kazi mwaka 2005. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulijenga shule za kata nchi nzima na kuongeza idadi ya wahitimu. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Hivyo, katika muda wa takribani miaka kumi na mitano, vyuo vilitoka katika hali ya kuchuja umati na kuingia katika hali ya kuutafuta. Chuo kinachoendeshwa kwa ada hakiwezi kulipa wahadhiri iwapo madarasa yana viti vitupu, na kwa sababu hiyo magari ya matangazo, mabango na mikutano ya uhamasishaji vimekuwa sehemu ya kawaida ya msimu wa udahili.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kusafiri kwa ajili ya elimu si jambo geni katika mwambao huu. Wamisionari wa Moravian na wale wa Berlin walifika Unyakyusa mwaka 1891, na shule zilikwenda sambamba na vituo vyao. Upande wa pili wa mpaka wa leo, katika nchi ya Malawi, wamisionari wa Uskochi walianzisha Taasisi ya Overtoun huko Livingstonia mwaka 1894, na vijana kutoka kaskazini mwa ziwa waliwahi kusoma huko. Tangu zamani, basi, ziwa na kanisa vilikuwa njia mbili za kuielekea shule. Njia ya ziwa imefifia. Chuo Kikuu cha Mzuzu nchini Malawi kiko karibu na Mwaya kuliko Dodoma au Dar es Salaam, lakini kwa nadra huingia katika orodha ya mwombaji, kwa kuwa mkopo, utambuzi wa vyeti na mfumo wa udahili vyote vinaelekea ndani ya nchi. Kwa muktadha huu, umbali wa chuo haupimwi kwa kilometa peke yake.

3.0 Misingi ya Kinadharia

Wataalamu wawili wa Marekani, Hossler na Gallagher (1987), walieleza kwamba uchaguzi wa chuo hupitia hatua tatu: mwelekeo, yaani kuamua kwamba mtu atasoma chuo, utafutaji, yaani kukusanya taarifa za vyuo, na uamuzi wenyewe. Kabla yao, Chapman (1981) alitenganisha sifa za mwanafunzi mwenyewe na nguvu za nje zinazomsukuma. Nguvu hizo za nje aliziweka katika makundi matatu: watu wenye umuhimu kwa mwanafunzi, sifa za kudumu za chuo kama vile gharama na mahali kilipo, na juhudi za chuo kujitangaza.

Mihimili hii inasaidia kupanga fikra, lakini inahitaji kurekebishwa inapoletwa Mwaya. Katika modeli ya hatua tatu, hamu hutangulia, taarifa hufuata, na uamuzi huja mwisho. Kwa mhitimu wa mwambao, mpangilio huo mara nyingi hugeuka. Baadhi ya maamuzi mazito hufanywa miaka kadhaa kabla hamu haijapata jina la chuo, na hamu yenyewe hutengenezwa ili ilingane na kile kilichobaki. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia taswira ya milango. Kila mlango una anayeushika, na kila mmoja hupunguza orodha kwa namna yake.

4.0 Milango Minne ya Uamuzi

4.1 Mlango wa sifa

Mlango wa kwanza hufungwa au kufunguliwa mapema kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Katika utaratibu uliozoeleka wa sekondari, mwanafunzi aliyeacha Fizikia na Kemia anapoingia kidato cha tatu amekwisha kuaga uhandisi, udaktari, ufamasia na sehemu kubwa ya kozi za kilimo. Wakati huo ana umri wa miaka kumi na mitano au kumi na sita. Mara nyingi haachi masomo hayo kwa kutoyapenda, bali kwa sababu shule haina mwalimu wa kutosha au maabara yenye vifaa. Baada ya kidato cha nne, tahasusi anayopangiwa katika kidato cha tano huuweka mwelekeo huo muhuri.

Kanuni ya jumla ya udahili wa shahada ya kwanza inamtaka mhitimu wa kidato cha sita awe na ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya alama zisizopungua 4.0, ambapo A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa maana hiyo, mwenye D mbili amefika kiwango, na mwenye C moja na E moja amefika pia. Hata hivyo, kufika kiwango cha chini si sawa na kupata nafasi. Kozi yenye ushindani huchukua waombaji kuanzia juu na kushuka hadi viti viishe, na kozi nyingi huweka masharti ya ziada kuhusu masomo mahususi. Mwombaji anayesoma kiwango cha chini pekee huomba kozi ambazo hana nafasi ya kushinda, kisha hubaki bila chuo katika awamu ya kwanza ilhali angeweza kupata kozi nyingine inayomfaa.

Aidha, mlango huu una njia ya pembeni isiyopaswa kudharauliwa. Mhitimu wa kidato cha nne anaweza kuanza na astashahada, akaendelea na stashahada, kisha akaomba shahada. Vyuo vya ualimu kama Mpuguso wilayani Rungwe, vyuo vya afya, na chuo cha kilimo cha Uyole vimekuwa njia hiyo kwa vijana wengi wa ukanda huu. Vyuo vya kati havishindani na vyuo vikuu tu. Vinashindana pia na kidato cha tano. Familia inayompeleka kijana kidato cha tano inaweka matumaini katika mtihani mmoja wa taifa utakaofanyika baada ya miaka miwili. Familia inayompeleka chuo cha kati inanunua cheti cha kazi mapema, lakini hulipa ada mapema pia. Tangu mwaka wa fedha 2022/2023, serikali ilipofuta ada ya kidato cha tano na sita katika shule za umma, uzani wa mizani hiyo umebadilika kwa kiasi kikubwa.

4.2 Mlango wa fedha na majira yake

Mjadala wa gharama za chuo kwa kawaida huulizia kiasi: ada ni shilingi ngapi? Kwa familia ya mkulima swali la pili lina uzito ule ule: fedha hiyo inahitajika lini? Mtihani wa kidato cha sita hufanyika mwezi Mei, matokeo hutoka Julai, udahili hufanyika kuanzia hapo, na vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Katika bonde la Kyela, mpunga huvunwa kati ya Mei na Julai. Kwa mtazamo wa kwanza kalenda hizi mbili zinapatana vizuri. Ukweli ni kwamba wakati wa mavuno ndio wakati bei inapokuwa chini, na mkulima mwenye subira huweka mpunga wake ghalani akisubiri bei ipande miezi ya baadaye. Mtoto anayekwenda chuo huondoa subira hiyo. Ada ya maombi, nauli, vipimo vya afya, godoro na malipo ya awamu ya kwanza vinadai mpunga uuzwe kabla ya wakati wake.

Kwa upande wa kakao hali inafanana. Zao hili huuzwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika na minada ya stakabadhi ghalani, ambapo mkulima husubiri mnada na malipo. Mwenye haja ya haraka hushawishika kuiuza ikiwa mbichi kwa bei ya kutupa, katika biashara inayojulikana wilayani humo kwa jina la njemke. Hivyo basi, chuo kinachokubali ada kwa awamu nne kinaweza kuwa nafuu kwa familia ya Mwaya kuliko chuo chenye ada ndogo kidogo kinachodai nusu yake siku ya usajili. Tofauti hiyo haionekani katika jedwali la ada, inaonekana ghalani.

Mkopo wa serikali hubadilisha hesabu yote. Bodi ya Mikopo hutoa fedha kwa vipengele mbalimbali, vikiwamo chakula na malazi, ada, vitabu na viandikwa, na mafunzo kwa vitendo. Kiwango cha chakula na malazi, ambacho wanafunzi hukiita bumu, kilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku katika mwaka wa masomo 2022/2023. Kwa siku 60 hiyo ni shilingi 600,000, fedha ambayo kaya nyingi za kijijini haziwezi kuituma kwa mkupuo. Kwa sababu hiyo waombaji wengi hawaanzi na chuo. Huanza na kozi inayoaminika kuwa na nafasi kubwa ya kupata mkopo, kisha hutafuta chuo kinachoifundisha.

Mkopo nao una mlango wake mdogo. Mwombaji hutakiwa kuambatisha cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na aliyefiwa na mzazi huambatisha cheti cha kifo kilichohakikiwa vilevile. Yatima ambaye kifo cha baba yake hakikuwahi kusajiliwa anaweza kuonekana katika maombi kama kijana mwenye baba hai. Mwenye uhitaji mkubwa zaidi hukosa kipaumbele kwa sababu ya karatasi. Hapa uchaguzi wa chuo unaamuliwa na tukio la miaka kumi iliyopita, siku ambayo familia ilizika na haikwenda kusajili kifo.

4.3 Mlango wa malazi

Vyuo vingi haviwezi kuwalaza wanafunzi wake wote, na kwa hiyo mwanafunzi mpya hutakiwa kujitafutia chumba mtaani. Familia ya Mwaya inapouliza kuhusu chuo fulani, swali linalofuata jina la mji ni hili: tuna nani huko? Shangazi aliyeolewa Mbeya, baba mdogo anayefanya biashara Iringa, au kaka aliyehamia Mbagala jijini Dar es Salaam huweza kuamua zaidi kuliko sifa ya kitaaluma ya chuo chenyewe. Nyumba ya ndugu huokoa kodi na chakula, na kwa mzazi wa binti huleta utulivu wa moyo.

Hata hivyo, malazi ya ndugu si ya bure kwa maana kamili. Mwanafunzi anayekaa kwa ndugu hupewa kazi za nyumbani, husafiri umbali mrefu kwenda darasani, na hulazimika kulinda uhusiano wa koo mbili. Ugomvi mdogo wa jikoni huweza kumfanya akose makazi katikati ya muhula. Mabinti hubeba sehemu kubwa zaidi ya mzigo huu, kwa kuwa mvulana huruhusiwa kupanga chumba na wenzake mapema, ilhali binti hutakiwa kubaki chini ya uangalizi. Matokeo yake ni kwamba mabinti wenye ufaulu sawa na wa kaka zao huwa na orodha fupi zaidi ya vyuo.

4.4 Mlango wa neno linaloaminika

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na mwaka 1951 Monica Wilson alichapisha kitabu kuhusu vijiji vya rika, ambamo vijana wa umri mmoja waliishi pamoja kando na wazazi wao. Thamani iliyobeba maisha hayo huitwa kwa Kinyakyusa ukwangala, yaani kufurahia kuwa pamoja na wenzako na kujifunza kutoka kwao. Vijiji vya rika havipo tena kwa sura ile, lakini rika limebaki kuwa chombo cha habari. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anayerudi likizo huaminiwa kuliko kitabu cha mwongozo, kwa kuwa anaweza kuulizwa maswali, na pia kwa sababu wasikilizaji wanamjua tangu utoto. Iwapo atasema kwamba mhadhiri haonekani darasani au kwamba mafunzo kwa vitendo hupatikana kwa urahisi, neno lake huenda mbali.

Chombo cha pili ni kanisa. Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji ni cha Kanisa la Moravian, Chuo Kikuu cha Iringa ni cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, na Kanisa Katoliki lina vyuo vyake Mbeya na Iringa. Katika wilaya ambako usharika ni sehemu ya maisha ya kila wiki, tangazo la Jumapili lina uzito ambao bango la barabarani halina. Chombo cha tatu ni mwalimu wa sekondari, ambaye kwa desturi humshauri mwanafunzi aende alikosoma yeye mwenyewe. Ushauri huo hutolewa kwa nia njema, ila mara nyingi unabeba picha ya chuo cha miaka kumi na mitano iliyopita.

Udhaifu wa vyombo hivi vyote ni mmoja: huwapeleka watu wanakofahamika. Wahitimu watano wa kijiji wakienda chuo kimoja, wa sita ataona hicho ndicho chuo cha watu kama yeye. Chuo ambacho hakijawahi kupokea mtoto wa Mwaya hakina msemaji Mwaya, hata kama kozi yake ni bora.

5.0 Mfumo wa Udahili na Mzigo wa Taarifa

Kuanzia mwaka wa masomo 2010/2011, TCU iliendesha mfumo wa pamoja wa udahili. Mwombaji alipeleka maombi mahali pamoja, akapanga kozi kwa vipaumbele, na mfumo ukampangia kulingana na ufaulu na nafasi zilizopo. Tangu mwaka 2017/2018, mwombaji wa shahada ya kwanza huomba moja kwa moja katika kila chuo anachokitaka. Kenya ilichukua njia tofauti. Huko taasisi ya umma iliyoundwa kwa Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 imeendelea kuwapanga wanafunzi kwa pamoja.

Tofauti ya mifumo hii miwili inaeleweka vizuri kwa msaada wa hisabati. Mwaka 1962 David Gale na Lloyd Shapley walichapisha makala mafupi kuhusu udahili wa vyuo na uimara wa ndoa. Walionesha kwamba inawezekana kuwapanga waombaji wote kwa utaratibu mmoja: kila mwombaji hupeleka ombi katika chuo anachokipenda zaidi, chuo huwashikilia kwa muda walio bora kulingana na nafasi zake, na waliokataliwa huhamia chaguo linalofuata hadi wote watulie. Mwishoni hapabaki mwombaji na chuo ambao wangependana kuliko mahali walipo. Zaidi ya hayo, imethibitishwa kwamba katika utaratibu huo mwombaji hana sababu ya kudanganya kuhusu anachokipenda, ilimradi hakuna ukomo wa idadi ya machaguo. Shapley alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012 pamoja na Alvin Roth, aliyeyatumia mawazo hayo katika mifumo halisi.

Katika maombi ya moja kwa moja, kazi iliyofanywa na utaratibu wa pamoja hufanywa na mwombaji mwenyewe. Hulipa ada ya maombi katika kila chuo, hufuatilia tovuti ya kila chuo, na akipata udahili katika vyuo zaidi ya kimoja hutakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa namba maalumu inayotumwa kwenye simu yake. Mwenye ufaulu wa juu hushika nafasi tatu au nne kwa wakati mmoja, na wakati anapotafakari, nafasi mbili au tatu anazoziacha hubaki zimefungwa kwa wengine. Ndiyo maana hufunguliwa awamu ya pili na hata ya tatu. Mwenye ufaulu wa wastani husubiri awamu hizo akiwa na hofu kwamba dirisha la mkopo litafungwa kabla chuo chake hakijajulikana.

Kwa aliye jijini, ufuatiliaji huo ni usumbufu. Kwa aliye Mwaya ni gharama halisi. Simu iliyosajiliwa kwa jina la mjomba, mtandao unaokatika wakati wa mvua, na safari ya kwenda Kyela mjini kwa mwenye duka la kompyuta ni vitu vinavyoweza kumpotezea mtu nafasi aliyokwisha kuipata. Mara nyingine mwenye duka humjazia mwombaji fomu kwa haraka na kumchagulia kozi, na nywila ya akaunti hubaki kwake. Mwombaji asiyethibitisha kwa wakati huhesabiwa sawa na aliyekataa.

6.0 Maswali Yanayopaswa Kutangulia Tangazo

Ushindani wa vyuo unaweza kumfaidi mwanafunzi iwapo anauliza maswali ambayo tangazo halijibu. Swali la kwanza linahusu ithibati: je, kozi yenyewe, na si chuo pekee, inatambuliwa na TCU au, kwa vyuo vya kati, na Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi? Swali hili lina historia. Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na kozi kadhaa katika vyuo vingine zilizuiwa pia. Hatua hiyo ilionesha kwamba jina linalofahamika si kinga. Kwa taaluma kama uhandisi, uhasibu na afya, swali hilo huendelea hadi kwa bodi au baraza la taaluma husika, kwani mhitimu asiyesajiliwa na chombo hicho hataruhusiwa kufanya kazi aliyoisomea.

Swali la pili ni gharama ya mwaka mzima na ratiba ya kulipa, zikiwamo kodi ya chumba, nauli za likizo na mafunzo kwa vitendo. Swali la tatu ni hili: mkopo ukikosekana au ukija pungufu, ni mwezi gani familia itakwama? Familia inayojua kwamba itakwama mwezi Februari inaweza kuacha magunia machache ghalani kwa ajili ya mwezi huo. Swali la nne ni kazi: wahitimu wa kozi hiyo waliomaliza miaka mitatu iliyopita wako wapi leo? Deni la mkopo hurejeshwa kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara kwa aliye katika ajira rasmi, lakini asiye na mshahara hubaki na deni na cheti pamoja.

Maswali haya hayahitaji ofisi mpya. Shule ya sekondari inaweza kuyafundisha katika kidato cha pili, kabla mlango wa kwanza haujafungwa. Ofisi ya kata inaweza kuhimiza usajili wa vizazi na vifo kama sehemu ya maandalizi ya elimu ya juu. Usharika unaotangaza chuo chake unaweza pia kuwaalika wanafunzi wa vyuo vingine wakati wa likizo wakazungumze na vijana, ili neno linaloaminika litoke katika midomo zaidi ya mmoja.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba uchaguzi wa chuo kwa mhitimu wa Mwaya ni mfululizo wa maamuzi yanayofanywa na watu tofauti kwa nyakati tofauti: mwanafunzi anapoacha somo, mzazi anapouza mpunga, ndugu anapokubali kumpokea mgeni, na rika linapopitisha habari. Vyuo hushindana hadharani, lakini kwa kiasi kikubwa matokeo ya ushindani huo huamuliwa mahali ambapo vyuo havipo. Uhuru wa kuomba chuo chochote una maana kwa yule ambaye milango mitatu ya mwanzo imebaki wazi. Mtoto ambaye shule yake haikuwa na mwalimu wa Fizikia, kifo cha baba yake hakikusajiliwa na hana ndugu mjini anaweza kusoma majina yote ya vyuo katika kitabu cha mwongozo, na bado akawa na chuo kimoja tu cha kuchagua, au asiwe nacho.